Kiti cha Mbele ni cha Nani?

Minada ya korosho ikishapita na malipo yakaingia, Masasi na Newala, Kusini mwa Tanzania, huanza msimu mwingine, wa harambee. Huku linachangiwa bweni la wasichana, kule wodi ya wazazi, kwingine mfuko wa sare na nauli kwa mabinti wanaotembea mbali kwenda sekondari. Na kila asasi inayopigania usawa wa wanawake, au inayopinga watu kubaguliwa kwa rangi na asili yao, ikipendekeza kwamba katika hafla yake ya changizo watunukiwe pia viongozi wachache wa jamii, husikika jibu lilelile: fedha ni za mabinti, si za vyeti, wema haujitangazi, na mgema akisifiwa tembo hulitia maji.

Rai hiyo imeenea kiasi kwamba wengi huiona ni hekima isiyohitaji kuhojiwa. Naiheshimu, maana wengi wanaoisema ni watu waliokwisha kuona michango ikiyeyuka, na wanaogopa kuiona ikiyeyuka tena. Hata hivyo naamini imekosea, na kosa lake linawaumiza walewale inaotaka kuwalinda. Harambee ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa tuliyonayo Kusini: masikini na tajiri, Mwislamu na Mkristo, wanakaa chini ya turubai moja kwa ajili ya mtoto wa mtu mwingine. Jambo zuri namna hiyo halistahili kuachiwa fikra isiyopimwa.

Tuipime basi kwa haki. Wapinzani wa heshima katika changizo wana hoja nne, na hakuna hata moja ya kipuuzi.

Ya kwanza ni gharama. Ukumbi, mapambo, chakula, muziki, mshereheshaji na vyeti vyenye fremu hulipwa kwa fedha ambazo zingeweza kununua magodoro ya bweni. Ya pili ni dini. Misikitini na makanisani tumefundishwa kuisifu sadaka ya siri, na anayetangazwa mbele ya watu huonekana amekwisha kulipwa ujira wake hapa duniani. Ya tatu ni siasa: majukwaa ya harambee yamekuwa ngazi za udiwani na ubunge, na anayevishwa khanga leo huomba kura kesho. Ya nne ni mila. Husemwa kwamba tuzo ni desturi ya mijini na ya ughaibuni. Tena wanawake wa uwanda wa Makonde, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama, wana heshima yao tangu zamani na hawahitaji kuongezewa nyingine kwa kipaza sauti.

Kabla ya kujibu moja baada ya nyingine, naomba tuitazame harambee kama ilivyo, si kama tunavyoidhania. Nani hukaa mbele? Mgeni rasmi, aliyealikwa kwa sababu ya cheo au uwezo wake. Nani huvishwa skafu na watoto wa shule? Yeye huyohuyo. Jina la nani hutajwa kwa sauti, likifuatwa na kiasi cha fedha na vigelegele? La mfanyabiashara aliyeahidi mifuko ya saruji, la mheshimiwa aliyekuja na bahasha yake na bahasha za marafiki zake. Mama ambaye kwa miaka mingi amewapa hifadhi nyumbani kwake mabinti waliokatishwa masomo yuko wapi wakati huo? Mara nyingi yuko nyuma ya turubai, kwenye masufuria, akipika wali wa wageni.

Hapo ndipo hoja yangu yote ilipo. Harambee isiyotoa heshima haipo. Kila harambee humtukuza mtu, ila tumezoea kumtukuza mwenye fedha hata hatuoni tena kwamba ni heshima. Kwa hiyo anayesema tuwaondoe watendaji katika ratiba ili hafla isiwe ya kusifiana haondoi sifa. Anaiacha yote mikononi mwa mwenye uwezo na cheo. Na asasi inayosema inapigania usawa, kisha katika hafla yake yenyewe ikampa kila kitu aliye juu na kumwacha jikoni aliye chini, imejipinga kabla mgeni rasmi hajashika kipaza sauti.

Sasa nazirudia zile hoja nne.

Kwanza, gharama. Nakubali bila kusita kwamba hafla ikila sehemu kubwa ya kilichopatikana imeacha kuwa changizo, imekuwa karamu. Lakini tuulize kinachokula fedha ni kipi. Ni ukumbi, vyakula, mapambo na muziki. Kumwita mama mmoja mbele, kueleza kwa dakika tano alichofanya, na kumpa khanga, hakugharimu hata sahani chache za pilau. Anayetaka kubana matumizi aanze na mapambo. Kuondoa heshima ili kuokoa fedha ni kukata kile kilicho rahisi kuliko vyote na kuacha kile kilicho ghali.

Zaidi ya hapo, heshima huleta fedha. Kila aliyewahi kuwa mweka hazina wa kamati anajua kuwa ugonjwa wa harambee ni ahadi zisizolipwa. Mtu huahidi kwa msisimko wa saa ile, kisha husahau, kwa sababu alichokiahidia hakukiona kwa macho. Aliyetunukiwa ni ushahidi unaotembea: huyu hapa, hiki ndicho alichofanya na kidogo alichonacho, na hawa hapa waliosaidiwa. Mchangiaji aliyemwona na kumsikia ana mtu wa kumuuliza mwaka ujao, na mtu huyo ana sababu ya kumuuliza yeye kama ahadi imetimia. Imani ya namna hiyo haipatikani kwa bango lenye picha ya mtoto mwenye huzuni.

Pili, dini. Uwanda huu una Waislamu wengi na Wakristo wengi, na hoja hii huwagusa wote. Lakini mafundisho ya siri yanamhusu nani? Yanamhusu mtoaji na sadaka yake mwenyewe: asijitangaze, asimsimange aliyempa. Hayamwamuru jirani kunyamazia wema wa jirani yake. Na hata kwa mtoaji, Kurani katika sura ya Al-Baqara inaitambua sadaka ya wazi kuwa ni njema, ingawa inaisifu zaidi ya siri. Aliyetenda na anyamaze, huo ndio unyenyekevu. Aliyetendewa akinyamaza, huo ni utovu wa shukrani. Ndiyo maana anayetunukiwa asijiteue wala asijieleze. Wasimame waliosaidiwa, waseme wao.

Tatu, siasa. Hii ndiyo hoja nzito kuliko zote, nami sitaipunguza uzito. Ni kweli mgema akisifiwa ovyo tembo huharibika. Lakini methali ile inakemea sifa zinazomwagwa bila mtu kuonja tembo. Dawa yake ni kuonja kwanza ndipo usifu, na kuendelea kuonja baadaye. Kukataa kumsifu mgema yeyote milele hakuliponyi tembo. Wahenga waliotuachia methali hiyo walituachia na nyingine, kwamba chanda chema huvikwa pete. Hazipingani. Moja inatufundisha kuchunguza, nyingine inatufundisha kutambua, na jamii inahitaji zote mbili.

Historia ya Masasi yenyewe inatuonyesha jinsi heshima iliyopimwa inavyofanya kazi, na jinsi isiyopimwa inavyokosea. Mwaka 1960 dayosisi ya Masasi ilipata askofu aliyeitwa Trevor Huddleston, padri Mwingereza aliyekuwa amefanya kazi Sophiatown, Johannesburg, tangu 1943, akawa mmoja wa wapinzani wakali wa ubaguzi wa rangi. Miaka mitano kabla ya kuja kwetu, katika Mkutano wa Umma uliofanyika Kliptown tarehe 25 na 26 Juni 1955, yeye na viongozi wenzake wa mapambano hayo, Albert Luthuli na Yusuf Dadoo, walipewa nishani ya heshima ya Isitwalandwe, nayo ilikuwa mara yake ya kwanza kutolewa. Luthuli na Dadoo walikuwa wamepigwa marufuku na serikali ya Makaburu, hawakuweza kufika. Huddleston peke yake ndiye aliyesimama.

Tazama walivyochaguliwa. Mwafrika, Mhindi na Mzungu waliwekwa katika daraja moja la heshima, ndani ya nchi ambayo sheria yake ilikataza wasiwekwe daraja moja. Nishani ile haikuwa pambo la mkutano. Ilikuwa sehemu ya hoja ya mkutano, hoja iliyotamkwa kwa watu badala ya maneno. Je, ilimharibu Huddleston? Alikuja Masasi, akawa askofu hadi 1968, kisha akaondoka kumpisha Mwafrika, Hilary Chisonga. Baadaye, kama rais wa Vuguvugu la Kupinga Ubaguzi wa Rangi la Uingereza kuanzia 1981, alikuwa mstari wa mbele katika kampeni iliyoliweka jina la mfungwa mmoja, Nelson Mandela, midomoni mwa dunia. Tarehe 11 Juni 1988, uwanja wa Wembley ulipojaa kwa tamasha la kuadhimisha miaka 70 ya Mandela, wapo waliouliza swali letu hilihili: kwa nini kumtukuza mtu mmoja wakati wanaoteseka ni mamilioni? Jibu lilikuja kwa vitendo. Watu wengi ambao hawakuwahi kuguswa na neno “ubaguzi” waliguswa na jina na uso wa mtu, wakajiunga, wakachangia.

Lakini nishani ileile inatupa onyo ambalo mtetezi mwaminifu hawezi kulificha. Wote watatu wa mwaka 1955 walikuwa wanaume. Mwaka uliofuata, tarehe 9 Agosti 1956, wanawake wapatao 20,000 waliandamana hadi Pretoria kupinga sheria ya pasi, na miongoni mwa viongozi wao alikuwa Lilian Ngoyi. Yeye alikuwa mwanamke wa kwanza kupewa Isitwalandwe, mwaka 1982, akiwa amekwisha kufariki miaka miwili nyuma. Heshima iliyojua kuhesabu rangi ilikuwa imesahau kuhesabu jinsia. Je, tuseme basi nishani ingefutwa? La. Palikuwa na kosa, nalo lilisahihishwa kwa kumvika mwanamke pete aliyostahili. Kosa la kutambua nusu ya watu haliponyeshwi kwa kuacha kutambua watu.

Nne, mila. Kwamba heshima hadharani ni ya kigeni, yeyote aliyelelewa uwandani anajua si kweli. Mwali akitolewa unyagoni, haitwi faraghani akapongezwa kwa siri. Hutolewa uwanjani, amepambwa, ngoma zinalia, ndugu na majirani wanajipanga kumtunza kwa fedha na khanga, na manyakanga waliomfunda hupata sehemu yao ya heshima na zawadi. Kukusanyika, kumtambua mtu kwa jina na kuchanga ni mambo matatu ambayo watu wetu waliyafunga pamoja kabla hapajakuwa na neno asasi. Vyama vya wanawake kama YWCA, ambacho nchini Marekani kimejiwekea dhamira ya kuondoa ubaguzi wa rangi na kuwawezesha wanawake, vikifanya vivyo hivyo katika hafla zao, vinafanya jambo ambalo bibi zetu wangelielewa mara moja.

Atasema mtu kwamba unyago nao una madhara yake: gharama, na mabinti kuvutwa mbali na masomo. Ni kweli, na palipo na madhara parekebishwe. Lakini kurekebisha sherehe badala ya kuifuta ni njia tuliyoijaribu hapahapa. Vincent Lucas, aliyekuja kuwa askofu wa kwanza wa Masasi mwaka 1926, aliona kwamba kuliondoa jando lote kungemwacha kijana bila mahali pa kutambuliwa kuwa mtu mzima. Akaliingiza ndani ya maisha ya Kikristo, akiondoa alichoona hakifai na kubakiza mengine. Unaweza kubishana na alichoondoa, lakini msingi wake ni imara: jamii ina haja ya kuwatambua watu wake, na haja hiyo huelekezwa, haizimwi.

Ama kuhusu wanawake wenye heshima tayari, hapa ndipo penye upotofu mkubwa kuliko wote. Ni kweli kwamba kwa Wamakonde, Wayao na Wamakua ukoo hufuata mama. Lakini kuhesabiwa ukoo kupitia kwako si sawa na kusikilizwa kauli yako. Kwa desturi, kauli ya ukoo iliwekwa kwa mjomba. Korosho nayo, zao la kudumu linalolipa fedha, ilizidi kuweka mali mikononi mwa wanaume. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza mwaka 2007, malipo hutolewa kwa jina lililosajiliwa katika chama cha msingi, na katika nyumba nyingi jina hilo ni la baba, ingawa waliookota korosho na kuzitenganisha na mabibo yake kwa mkono walikuwa pia mama na watoto. Chukua na maji. Udongo wa uwanda hunywa mvua yote, chemchemi ziko chini ya miteremko, na kabla ya mabomba ya mradi wa maji wa Makonde kupandisha maji juu, ni wanawake waliopanda na kushuka na mitungi kichwani. Historia ya mradi ule hutaja serikali, wahandisi na wafadhili. Wanawake waliouweka hai uwanda huu kwa shingo zao hawamo.

Kusahau huku ni kwa zamani. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya UMCA alipoweka kijiji cha Masasi pamoja na watu waliokombolewa utumwani, wanawake walikuwamo katika msafara ule. Jina la Steere kila mtu analijua. Majina ya wanawake wale ni wachache mno wanaoyajua. Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utotoni, alipata daraja la ukasisi mwaka 1890, Mwafrika wa kwanza katika misheni ile ya UMCA, na kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, upande wa Newala. Kufikia mwisho wa miaka ya 1890 alikuwa amerudi Zanzibar, na uaskofu wa Masasi ulimfikia Mwafrika miaka 70 hivi baadaye. Masista wa Chama cha Mariamu Mtakatifu, chama kilichoanzishwa mwaka 1946 na kilicho na makao yake Kilimani, Masasi, wamehudumia watu vizazi kadhaa. Ni harambee ngapi zimewahi kuwaita mbele?

Tena sisi watu wa Kusini tunaijua thamani ya jina. Daraja la Rufiji, lililotufungulia njia mwaka 2003, linaitwa Mkapa, kwa jina la rais wa zamani aliyezaliwa Lupaso, Masasi, na mwaka 2020 uwanja mkubwa wa taifa ukapewa jina hilohilo. Hakuna mtu wa Lupaso anayelalamika kwamba herufi zile zilipoteza fedha. Tunafurahi, kwa sababu mtoto akipita pale anajua kwamba mtu wa kwao alifika. Mke wake, Anna Mkapa, aliunda mwaka 1997 Mfuko wa Fursa Sawa kwa Wote, na Anna Abdallah aliongoza Umoja wa Wanawake Tanzania kisha Bodi ya Korosho. Kama jina la mkubwa lina faida kwa kijana wa kiume, jina la mwanamke wa kijijini lina faida ileile, na zaidi, kwa binti anayejiuliza kama kuna njia.

Kwa kuwa nimekubali kwamba hatari zipo, nina wajibu wa kusema zizuiwe vipi. Napendekeza masharti matano.

1. Wateule wapendekezwe na waliohudumiwa, si na kamati peke yake wala na wafadhili.
2. Asitunukiwe mwenye cheo cha kisiasa wala aliyetangaza nia ya kugombea. Mgeni rasmi na abaki mgeni.
3. Angalau nusu wawe wanawake, na kila mara awemo mtu wa kundi linalosahaulika: mlemavu, mwenye ualbino, au mwenye asili ya ng'ambo ya Ruvuma ambaye bado huitwa mgeni alikozaliwa.
4. Gharama zote za hafla zisomwe hadharani pamoja na mapato, siku ileile au mkutano unaofuata.
5. Isisomwe sifa, usomwe ushahidi: alifanya nini, wapi, kwa nani, na nini bado hakijakamilika.

Masharti haya yakifuatwa, hoja za gharama na siasa hazibaki na pa kushika, na hoja za dini na mila zinageuka kuwa za upande wetu. Yasipofuatwa, mpinzani wangu atakuwa na haki ya kulalamika, nami nitalalamika pamoja naye.

Nawaomba basi wanakamati wa Masasi, Newala na Tandahimba, mnapopanga ratiba za msimu ujao, mbadili jambo moja ambalo halina gharama yoyote. Majina ya watendaji yasomwe kabla ya ahadi, si baada yake, watu wakiwa wamekwisha kuondoka. Mchangiaji aisikie kazi kwanza, amwone aliyeifanya amekaa kiti cha mbele, ndipo aulizwe atatoa kiasi gani. Akijua anachangia kazi ya nani, atajua pia nani wa kumdai hesabu, na nani wa kumdai yeye.